Tulitoka sinema tukicheka, tukafika nyumbani tumenuna

Shikamoo Mama,

Mimi ni mama wa watoto watatu, tunaishi Tabata hapa Dar es Salaam. Kuna jambo limenikaa kifuani wiki ya pili sasa, na humu ndani kila mtu analitazama kwa jicho lake.

Kuanzia Oktoba nilikuwa nadumbukiza elfu mbili, elfu tatu kwenye kopo la maziwa. Nia yangu ilikuwa likizo ya Desemba 2024 watoto waende sinema, maana hawajawahi. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Rufiji kutibiwa mguu, tukasema twende naye. Yeye mara ya mwisho kuona picha kubwa ni usichana wake, gari la serikali lilipokuja kijijini wakafunga shuka jeupe.

Tuliangalia Mufasa, ile ya simba mtoto anayechukuliwa na maji ya mafuriko akapotezana na wazazi wake. Mama, sijui nikuelezeje. Picha ni ya Kiingereza, basi mkubwa wangu wa darasa la tatu alikaa karibu na bibi yake akimtafsiria kwa kunong'ona mwanzo hadi mwisho. Maji yalipomzoa yule mtoto wa simba, bibi alinishika mkono akaung'ang'ania. Shamba lake la mpunga liliondoka na mafuriko ya Aprili, kwa hiyo ile kwake haikuwa hadithi. Na majina yale! Kila likitajwa Milele, ile nchi wanayoitafuta, watoto wanarukaruka kwenye viti. Mwanangu wa mwisho wa miaka minne akauliza kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, "Mama, kwa nini yule simba mwenzake Mufasa wamemwita Taka?" Watu wakacheka. Na lilipotajwa jina la simba jike Sarabi, bibi naye akatufundisha kwamba sarabi ni yale maji ya uongo unayoyaona mbele barabarani jua likiwa kali. Mimi nilikuwa sijui. Karibu saa mbili nzima hapakuwa na kitu cha kunifanya nimzibe mtoto macho, na baba yao, ambaye nyumbani hana muda, nilimwona anafuta machozi kwa kiganja.

Tukatoka tuna njaa na furaha. Pale nje kuna sehemu ya kuku na chips, ya kisasa, unaagiza kaunta unapewa namba. Foleni ilikuwa ndefu. Tumeagiza vipande kumi, chips nne, soda. Tumekaa dakika hamsini. Waliokuja nyuma yetu wanapata, sisi bado. Bibi mguu unamuuma, akaenda mwenyewe kaunta kuomba maji ya kumezea dawa. Yule binti wa pale hakumtazama hata usoni. Akamwambia, "Maji yanauzwa, bibi, siyo ya bure," akaendelea na simu yake. Bibi akarudi akakaa, akajifunika khanga vizuri, hakusema kitu.

Chakula kikaja. Vipande vinane badala ya kumi, chips zimepoa, na wa kati alipong'ata paja ndani kulikuwa na wekundu hadi mfupani. Nikamwambia asile. Nikaenda kaunta na lile paja kwenye tishu, binti akasonya, akasema, "Kama hutaki acha, wenzio wanasubiri." Mimi nikanyamaza. Mume wangu akasimama, akapiga kaunta kwa ngumi, akamwita yule binti mjinga na maneno mengine siwezi kuyaandika. Watu wakatoa simu. Mlinzi akaja. Tukaondoka bila kula, kwenye bajaji hakuna aliyesema neno.

Sasa hivi mume wangu amesema hakuna tena kutoka, pesa hiyo bora tununue kuku watatu tule nyumbani. Mdogo wangu wa kiume ana video, alitumiwa na rafiki yake, uso wa yule binti unaonekana vizuri. Anataka kuirusha mtandaoni ili "wakome". Na kinachoniumiza zaidi: juzi niliwakuta watoto wanacheza duka. Mdogo amekwenda kununua, mkubwa yuko nyuma ya kiti, akasonya akamwambia, "Kama hutaki toka!" Safari nzima ile, wamebaki na hilo tu.

Nilikosea kunyamaza? Tuirushe ile video? Na nifanyeje watoto warudishiwe siku yao?

Mama wa watatu, Tabata

*

Marahaba mwanangu,

Kwanza nifikishie pole kwa mama mkwe wako. Kuku utarudishiwa ukitaka, lakini mtu mzima aliyeomba maji ya kumezea dawa akajibiwa vile, akarudi akajifunika khanga kimya, hilo nimelisoma mara tatu na kila mara limenichoma.

Mimi kabla ya kushika kalamu niliuza chakula Kariakoo. Nilianza na wali na maharage, baadaye nikawa na karai la chips na kuku. Kwa hiyo nitakuambia kilichotokea kule nyuma ya kaunta, kwa sababu ukikijua utajua pia cha kudai.

Picha ikiisha, ukumbi unamwaga watu wote kwa mpigo, na wote wana njaa saa hiyo hiyo. Chips ni dakika tatu nne kwenye mafuta, zimeiva. Kipande cha kuku chenye mfupa, hasa paja, kinataka dakika kumi na mbili hadi kumi na tano, mafuta yakiwa kwenye nyuzi 165 hadi 175 hivi. Hilo huwezi kulikimbiza. Mpishi akiona foleni inafika mlangoni hufanya moja kati ya mawili: anajaza kikaango kupita kiasi, mafuta yanapoa, au anatoa kuku kabla ya wakati wake. Nje ngozi imeshakuwa ya dhahabu, ndani bado. Chips zenu zilitoka mapema zikakaa zikimsubiri kuku, ndiyo maana zilipoa. Na waliokuja nyuma yenu wakapata kabla yenu labda waliagiza baga au chips tupu. Hapo mtu mwenye adabu alitakiwa kuwaambia, "Kuku ana dakika ishirini, mtasubiri?" Sentensi moja tu. Nusu ya hasira ya mteja inatokana na kutokuambiwa.

Kuhusu ule wekundu, nikupe haki yote. Kuku wa kisasa anachinjwa akiwa na wiki tano sita, mifupa yake haijakomaa, na hasa akiwa ametoka kwenye friza, rangi ya uboho hupenya ikaipaka nyama iliyo kando ya mfupa hata kama imeiva. Kwa hiyo wekundu peke yake si ushahidi. Angalia nyama yenyewe: kama inateleza, inang'aa kama mpira na haitaki kuachana na mfupa, na maji yanayotoka yana damu, hiyo ni mbichi. Kuku salama ni yule ambaye katikati yake joto limefika nyuzi 74. Ambaye hajafika anaweza kubeba vijidudu vya Salmonella, na hao hawachezi na tumbo la mtoto. Kama wiki mbili zimepita na wa kati hajaharisha wala kupata homa, mshukuru Mungu, hilo limepita. Ulifanya vizuri sana kumtoa lile paja mdomoni bila kusubiri ruhusa ya mtu.

Basi foleni ninaielewa. Kuku kutoka mbichi ninaelewa kulivyotokea, ingawa sikubali. Kusonya, na yale maji, hayana maelezo ya jikoni. Mimi nilikuwa na ndoo ya maji yenye mfuniko na vikombe viwili kwa ajili ya yeyote anayepita, awe amekula kwangu au hajala. Sikuwa na kiyoyozi wala namba za kuita. Glasi ya maji kwa mzee mwenye dawa mkononi haiulizwi bei. Kama mwenye duka ameweka sheria kwamba maji ni ya kuuza tu, mhudumu bado ana macho ya kumtazama bibi, ana mdomo wa kusema, "Samahani bibi yangu, ngoja nimuulize meneja." Najua wasichana wale wanasimama kutwa nzima kwa mshahara mdogo na kupigiwa kelele na kila mwenye njaa. Nawahurumia kwa moyo wote. Lakini bibi wa watoto wako hakumpigia kelele mtu.

Umeniuliza kama ulikosea kunyamaza. Mwanangu, hukunyamaza. Uliinuka na paja kwenye tishu ukaenda kaunta. Ulichokosa ni sentensi ya pili. Binti aliposema "acha, wenzio wanasubiri", ilikuwa usogee pembeni kidogo, usiondoke, useme kwa sauti ile ile ya kawaida: "Dada, kuku huyu hajaiva na vipande vimepungua viwili. Naomba uniitie meneja, nitasubiri hapa." Kisha unasimama. Hubishani tena na yeye, kwa sababu mwenye mamlaka ya kubadilisha chakula au kurudisha pesa mara nyingi si yeye.

Baba watoto naye alikuwa na haki, akaipoteza pale pale kwa ngumi. Kabla ya ile ngumi, mkosaji alikuwa duka. Baada ya ngumi, mlinzi alikuja kumtoa nani? Ninyi. Mimi nafikiri hakuwa na hasira ya kuku. Ni mama yake mzazi aliyenyimwa maji mbele yake, siku aliyokuwa ametoka kulia kwa furaha. Mwambie nimemwelewa. Lakini lile neno "mjinga" alilomwita mtoto wa mwenzake, watoto wenu walilisikia kama walivyosikia kusonya. Akae na mkubwa, amwambie kwa mdomo wake: kudai chakula chetu nilikuwa sahihi, kumtukana yule dada nilikosea. Baba akisema hivyo mbele ya mwanawe hapungui chochote.

Ile video isirushwe. Mwambie mdogo wako nimesema mimi, na kama ana mapenzi na dada yake aifute. Angalieni itakachofanya: duka litatoa taarifa ya kuomba radhi, litamfukuza yule binti, jioni hiyo hiyo litaajiri mwingine na kumweka kwenye kaunta ile ile, na yule mpishi bado anatoa kuku kabla ya wakati. Binti atabaki na uso wake kwenye simu za watu miaka mingi. Halafu kwenye video hiyo hiyo kuna mume wako anapiga kaunta na mama yake amekaa nyuma na mguu wake unaouma. Nchi hii ina Sheria ya Makosa ya Mtandao tangu 2015 na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, msijitafutie kesi ilhali ninyi ndio mliokosewa.

Mtakachofanya ni hiki. Tafuta risiti. Kama ni ya EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ina TIN ya duka, yaani namba yake ya mlipakodi, tarehe, saa na kiasi mlicholipa, na hiyo ndiyo nguvu yako yote. Wimbo wa TRA tumeusikia hadi tumeukariri, ukiuza toa risiti, ukinunua dai risiti, lakini wengi tunaidhani ni mambo ya serikali na kodi zake. Kumbe siku kama hii ndiyo inayothibitisha kwamba ulikuwepo, saa ngapi, na ulilipia vipande kumi. Ipige picha leo leo, karatasi zile hufifia, miezi michache tu inakuwa nyeupe.

Halafu nenda. Usiende Jumamosi jioni. Nenda siku ya kazi, saa nne au saa tano asubuhi, mafuta ndiyo kwanza yanapashwa na meneja ana nafasi ya kuketi. Na umchukue mkubwa wako uende naye. Hili ndilo ninalolitaka kuliko yote niliyoandika. Mtoto ameona njia mbili za kuongea kaunta, kusonya na kupiga ngumi, na ameshachagua ile iliyomshangaza zaidi. Hana ya tatu kwa sababu hajaonyeshwa. Asimame pembeni yako akusikie unasema: "Habari za kazi. Tulikuja hapa tarehe fulani, risiti hii hapa. Tulilipia vipande kumi tukapata vinane, kuku hakuwa ameiva, na mama yetu aliomba maji ya dawa akajibiwa vibaya. Naomba mrudishe pesa, na naomba mjue kuhusu hayo maji." Ukimaliza, kaa kimya umwache meneja ajibu. Usimtaje binti kwa lengo la kumfukuzisha. Taja jambo.

Wengi watakurudishia, nakuhakikishia, kwa sababu mameneja wengi hawajui kinachotokea kaunta yao saa mbili usiku. Akikukatalia, usipandishe sauti. Mwombe akuandikie jina la ofisi yao kuu, uondoke. Suala la kuku mbichi lipeleke kwa bwana afya wa kata lilipo duka. Ukaguzi wa sehemu za chakula ni kazi yake, na Sheria ya Afya ya Jamii ya 2009 inampa meno. Usalama wa chakula kwa ngazi ya taifa uko chini ya TBS, Shirika la Viwango, tangu 2019, ulipotolewa TFDA, ile iliyokuwa Mamlaka ya Chakula na Dawa. Suala la kulipa kumi ukapewa nane ni la Tume ya Ushindani, FCC, ile iliyoundwa kwa sheria ya 2003, nao hupokea malalamiko ya mlaji mmoja mmoja. Barua ya nusu ukurasa na nakala ya risiti inatosha.

Ule mchezo wa duka, usiwachape wala usiwakataze. Kaa chini uingie mchezoni. Wewe uwe mteja mgumu anayelalamika chumvi, mkubwa awe mhudumu, na akisonya mwambie, "Ngoja, tubadilishane," umhudumie yeye vizuri hadi acheke. Siku nyingine bibi ndiye mteja anayeomba maji. Hapo usiseme kitu, mwangalie mwanao atafanya nini.

Sasa siku yao. Hapa ndipo nakataa kabisa uamuzi wa mume wako, ingawa hao kuku watatu wa nyumbani nao sina ugomvi nao. Ile picha hamjaipoteza. Nami niliitazama na wajukuu zangu Desemba hiyo hiyo, kwa hiyo nakukumbusha ilivyojengwa: simba wakubwa wameondoka, mvua inanyesha na radi, na yule nyani mzee anayeitwa Rafiki anakaa na mtoto Kiara anamhadithia habari za babu yake Mufasa. Picha nzima ni hadithi ya mzee kwa mtoto usiku wa mvua. Na wewe nyumbani una bibi wa Rufiji!

Zima taa usiku mmoja, washa mshumaa. Bibi aanze, "Paukwa," watoto waitike, "Pakawa," halafu mkubwa aisimulie upya, kwa Kiswahili, maana yeye ndiye aliyekuwa mkalimani. Akikosea, wa kati amrekebishe. Wakifika pale maji yanapomzoa Mufasa, bibi apokee, aeleze mto Rufiji unavyopanda usiku, unavyousikia kabla hujauona, walivyobeba nini wakaacha nini. Mafuriko mengine ya Rufiji yaliacha tope zuri mpunga ukastawi, haya ya Aprili yakachukua shamba zima. Huko kwao simba naye si katuni, ana mengi ya kusema. Zungumzeni pia kuhusu yule mama simba, Eshe, aliyempokea mtoto wa maji akamlea kama wake wakati mumewe Obasi hamtaki. Wajukuu zangu walibishana siku mbili juu ya Taka, mtoto wa Eshe na Obasi, kama alikuwa mbaya tangu mwanzo au alikuwa ndugu mwema akaharibika njiani. Mimi nina jibu langu lakini siwaambii, na wewe usiwaambie wako.

Na mtakaporudi sinema, maana mtarudi, kopo la maziwa lianze tena mwezi huu, kuleni kabla ya kutoka nyumbani. Wali na samaki saa saba, sinema saa tisa. Mkitaka kuku wa nje, subirini saa nzima baada ya picha, tembeeni tembeeni kwanza, foleni iishe na kikaango kipumue. Beba chupa ya maji ya bibi kwenye mkoba, sehemu nyingi hawana neno kwa maji ya dawa ukiwaeleza mlangoni.

Niandikie meneja amejibu nini. Na ningependa kujua mdogo umemjibu vipi kuhusu lile jina la Taka, wangu wa miaka mitano bado ananiuliza.